Nani Hasa Bahili?



Vijana wenzangu, huku Muscat ninakofanya kazi, mshahara ukiingia tu tunaanza kupimana. Anayewalipia wenzake chakula kila Ijumaa baada ya Misa tunamwita mtu wa watu. Anayejipikia wali na dagaa chumbani, basi huyo ni mkono wa birika.

Lakini huyo “bahili” huenda anasomesha wadogo zake wawili Tabora. Na “mkarimu” wetu huenda hapokei simu ya mama yake, maana anajua ataombwa hela ya dawa.

Soma 2 Wakorintho 8. Wakristo wa Makedonia walikuwa maskini, ila waliwachangia ndugu wa Yerusalemu, watu ambao hata hawakuwepo pale kuwapigia makofi.

Kwa hiyo, kabla hujafungua pochi, jiulize: natoa ili nani asaidike, au ili nani anione? Na ukiifunga, jiulize: nabana kwa ajili ya nani? Jibu likiwa “mimi tu”, ndugu yangu, huo ndio ubahili.

Wiki hii, ile simu ipokee.

Ee Yesu, uliyemwona mjane na senti zake mbili, itazame na mifuko yetu. Amina.