Haki ya Jirani: Kusema au Kunyamaza?

Limetufikia swali kutoka Mboghoni, katika Taveta, upande ule wa nchi ambako ndizi nyingi tunazonunua Kongowea hutoka. Tumeona si vyema kulijibu kwa faragha peke yake, kwani lililomfika mwenye kuuliza humfika kila mtu akaaye nyumba ya kupanga, iwe Mboghoni, Voi au hapa kwetu Mombasa.

Asema kwamba yeye na mkewe wanakaa katika safu ya vyumba, ukuta mmoja kwa nyumba mbili. Mwaka uliopita bibi mmoja jirani alikuwa akija kwao kulalamika ya kuwa mumewe hamwachii pesa za matumizi. Wake wa majirani wakakusanyika, kila mmoja akatoa lake. Huyu akamwambia avumilie, ndiyo ndoa hiyo. Yule akamwambia amnunie mumewe mpaka ashike adabu. Wa tatu akamwambia arejee kwao kabla hajazeeka. Yule bibi akalishika la tatu, akavuka mpaka akaenda kwao upande wa Tanzania, na nyumba ikavunjika. Mume aliporudi safari akawakabili majirani, akawaambia kuwa wao ndio walioivunja nyumba yake. Tangu siku hiyo mwenye kuuliza na mkewe wakaapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba hawataingia tena katika mambo ya watu. Sasa chumba cha pili amehamia mtu mwingine na mkewe na watoto wao. Usiku husikia kipigo na kilio, naye huvuta shuka akajifunika. Auliza: je, tulipata dhambi kwa yale tuliyoyasema, au twapata dhambi kwa haya tunayoyanyamazia?

Ndugu zetu, swali hili halitaki jibu la haraka. Zamani katika miji yetu ya mwambao bibi arusi alikuwa na somo wake, ana shangazi na nyanya, na mume ana wajomba na wazee wa mtaa. Neno la nyumbani likizidi, lilijulikana lipelekwe kwa nani. Leo watu wamehama. Katika Mboghoni Mtaveta amepakana na Mtaita, Mkamba na Mpare, Muislamu amepakana na Mkristo, na kila mmoja ameacha wazee wake mbali. Kazi iliyokuwa ya shangazi na somo imemwangukia jirani, naye hakuipokea pamoja na elimu yake. Basi jirani wa leo amerithi kiti cha mshauri bila ya kufundishwa kukikalia.

Watu wetu wana maneno mawili ya kujitetea kwa kunyamaza. Husema kuwa ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Na husema kuwa nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Maneno haya yana hekima, wala hatuyadharau. La kwanza latufundisha tusishabikie ugomvi ambao kesho utakwisha. La pili latufundisha tusihukumu tusiyoyajua. Lakini hakuna hata moja kati ya hayo linalosema kwamba mtu akipigwa mpaka akalia, jirani aende shambani. Tumeyachukua maneno ya busara tukayafanya shuka la kujifunikia.

Natutazame mafunzo tuliyoachiwa, kwani katika Hadithi mna visa ambavyo, vikiwekwa pamoja, hutufungulia jambo hili.

Fatima binti Qays alikuwa ameposwa na watu wawili, akaenda kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, kumtaka shauri. Mtume akamweleza ila ya kila mmoja: huyu ni mwepesi wa fimbo, na yule ni fukara hana mali, kisha akamwelekeza kwa Usama. Huko hakukuwa kusengenya, kwa sababu aliyeuliza alikuwa na haja ya kujua, na aliyejibu alitaja kiasi cha haja hiyo, bila ya kuzidisha. Ndiyo maana Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, alipoeleza uharamu wa kusengenya, alitoa nje mambo sita, na miongoni mwayo ni mwenye kudhulumiwa kushitaki, na mwenye kutakwa shauri kusema kweli.

Salman alimzuru ndugu yake Abu Dardaa, akamkuta mkewe amejiacha bila ya kujitengeza. Akamuuliza, naye akamjibu kuwa Abu Dardaa hana haja tena na dunia. Tazameni alivyofanya Salman. Hakutoka nje kuwasimulia watu. Hakumwambia mke amwache mumewe. Alikaa na yule mume usiku ule, akala naye, akamzuia asiukeshe usiku wote kwa sala, kisha akamwambia kwa kinywa chake kuwa mkewe ana haki juu yake. Khabari ilipofika kwa Mtume, alimsadikisha Salman.

Kisa cha tatu ni cha Barira, aliyekuwa mtumwa akaachwa huru, akachagua kutengana na mumewe Mughith. Mume alikuwa akimfuata njiani na machozi yakimtiririka. Mtume akamwombea kwa Barira amrudie. Barira akauliza kama hiyo ni amri. Akajibiwa kuwa si amri, ni maombezi tu. Akasema basi hana haja naye, na Mtume hakumlaumu. Fikirini, ndugu zetu! Ikiwa Mtume mwenyewe, katika jambo la mke na mume, alitoa shauri akamwachia mwenyewe uamuzi, ni nani sisi katika safu ya vyumba vya kupanga hata tukasirike shauri letu lisipofuatwa?

Katika visa hivi twapata kanuni. Nasaha ni deni la jirani, na uamuzi ni haki ya mwenye nyumba. Asiyesema na haja iko amekula deni. Asemaye kisha akaamua kwa niaba ya mwenzake amenyang'anya haki. Ndugu zetu wa Mboghoni wanaomwagilia mashamba kwa mifereji walijua hili zamani kuliko sisi. Maji huenda kwa zamu, na mtu akiyafungulia shamba la jirani usiku bila ya kuulizwa, huenda akayaozesha mazao. Lakini apitaye akaona ukingo umebomoka na maji yanasomba mimea, kisha akaenda zake akisema si shamba langu, huyo naye hatamsifu mtu.

Sasa turejee katika nyumba ya kwanza. Kosa la wale wanawake halikuwa kusema. Kosa la kwanza ni kuwa walikuwa wengi mno, na shauri la siri likawa maongezi ya baraza. La pili ni kuwa walimhukumu mume kwa kusikia upande mmoja, wala hakuna mtu mzima aliyemwendea kama Salman alivyomwendea Abu Dardaa. La tatu, nalo ndilo kubwa, ni kuwa walisema wasiyoyajua. Aliyeambiwa avumilie na aliyeambiwa aondoke wote waliambiwa kwa kukisia. Hapana mmoja aliyemkumbusha kuwa matumizi ya mke ni haki yake, si sadaka. Hind binti Utba alimshitaki mumewe Abu Sufyan kuwa ni bahili, na Mtume akamruhusu achukue katika mali yake kiasi cha kumtosha yeye na mtoto wake kwa wema. Wala hapana aliyetaja kuwa Sura ya Nisaa, aya ya 35, imeamrisha penye khofu ya mfarakano atoke mwamuzi katika jamaa za mume na mwamuzi katika jamaa za mke. Kati ya kuvumilia na kuondoka palikuwa na milango miwili au mitatu, na majirani hawakuijua.

Tena Mboghoni iko karibu na mpaka, na mpaka huo huzidisha ujinga wetu. Katika Kenya, Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170, imempa Kadhi kuamua mambo ya ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu wanaokubali kufika mbele yake. Katika Tanzania Bara, ndoa zinafuata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, na kwa kawaida mgogoro hupelekwa kwanza kwenye baraza la usuluhishi kabla ya mahakama kutoa talaka. Basi bibi aliyezaliwa ng'ambo akisema kuwa kwetu talaka huwa hivi, na jirani wa upande huu akajibu kuwa sivyo, huenda wote wawili wanasema kweli, na anayeshauriwa akapotea baina yao. Katika mambo kama haya shauri bora la jirani ni kusema: mimi sijui, twende kwa ajuaye.

Wala tusidhani kuwa nasaha ni ya Muislamu kwa Muislamu tu. Sura hiyo hiyo ya Nisaa, aya ya 36, imemtaja jirani wa karibu na jirani wa mbali, na Abdallah bin Amr alipochinja mbuzi aliuliza kama jirani yake Myahudi amepelekewa. Jirani Mkristo akimwambia mkeo ampeleke mtoto mwenye homa hospitali asingoje mpaka asubuhi, hiyo ni nasaha, na kuikataa kwa sababu ya dini ya aliyeitoa ni ujinga. Mambo ya edda na talaka tutauliza wanavyuoni wetu. Mambo ya homa tutamsikiliza kila mwenye ujuzi.

Imebaki nyumba ya pili, nayo ndiyo iliyotuumiza nyoyo. Wako watakaosema kuwa tumeamrishwa kusitiri. Naam, tumeamrishwa. Lakini sitara ni ya aibu, si ya dhulma. Aibu ni ile ambayo ukiifunika hapana anayeumia: mtu kateleza akajuta, mke na mume wametupiana maneno mabaya wakanyamaza. Dhulma ni ile ambayo kila ukiifunika yuko anayeumia chini ya kifuniko. Mwenye kuifunika hamsitiri ndugu yake. Anamfungia mlango aliyedhulumiwa. Na Mtume alipoulizwa namna ya kumnusuru ndugu aliye dhalimu, alieleza kuwa ni kumzuia na dhulma yake. Wako pia wasemao kuwa mume ana ruhusa ya kupiga. Hao tunawakumbusha aliyoyasimulia Bibi Aisha, kwamba Mtume hakupata kumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi. Anayetaka kufuata mfano, mfano ni huo.

Basi tumwambie ndugu yetu wa Mboghoni hivi. Kiapo chenu kisiwazuie. Mtu akiapa kisha akaona jambo jengine ni bora, hufanya lililo bora na akatoa kafara ya kiapo, nayo ni kuwalisha au kuwavisha masikini 10. Asiyeweza hufunga siku 3. Mkeo aende kwa yule bibi mchana, peke yake, amuulize yuko katika hali gani na anataka nini, na atakayoyasikia yasifike kwa jirani wa tatu. Wewe na mzee mmoja anayeheshimiwa mumwendee mume wakati ametulia, bila ya matusi wala vitisho. Usiku ukisikia kilio, gonga mlango, hata kama ni kwa kisingizio cha kuomba kiberiti. Huenda mkono ulioinuliwa ukashuka kwa kujua kuwa yuko anayesikia. Ukiogopa kwenda peke yako, waite wenzako. Na ikiwa ni mtoto anayepigwa, au imetoka damu, au yuko silaha mkononi, hapo wakati wa shauri umepita: waambie wazee wa Nyumba Kumi, chifu na polisi, na kwa khabari za watoto katika Kenya iko nambari ya simu 116.

Hatukuahidi kuwa utashukuriwa. Huenda mume akakununia, na huenda mke mwenyewe akakana mbele ya watu yale aliyomwambia mkeo ndani. Wote wawili wakikulaumu, kumbuka kuwa uliyetakiwa ni kufikisha, si kugeuza nyoyo. Lawama ya jirani asubuhi ni nyepesi kuliko kilio ulichokisikia usiku ukajifunika shuka.

Kwa jibu fupi: katika nyumba ya kwanza mlikosea katika namna ya kusema, na tunaomba Mungu awasamehe. Katika nyumba ya pili, kila usiku mnaonyamaza deni linazidi. Lilipeni kabla halijakuwa janga. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.