Upanga Uliofungwa Katika Nguo

Neno la mwezi: 1 Samweli 21:1–15, 22:6–23



Mkristo mmoja wa sharika zetu za Iramba ametuletea swali, nasi twaona vema kulijibu mbele ya wote, maana twadhani si lake peke yake. Ameonyeshwa bastola ya ukumbusho iliyotengenezwa ng'ambo. Imetiwa nakshi za dhahabu, imeandikwa jina la vita na mwaka wake, nayo imelazwa katika kasha la mbao lenye mahameli ndani. Muuzaji amwambia ya kuwa bastola za namna hii ni chache, na ya kuwa bei yake itapanda mwaka kwa mwaka. Ndugu huyu amevuna alizeti vizuri, na fedha anazo. Basi auliza mambo mawili: Je, kitu hiki chastahili bei yake? Na je, yampasa Mkristo kukinunua?

Hatutaki kumjibu kwa kumkemea. Hatusemi kwamba kila mwenye silaha ni mwenye dhambi. Askari hubeba silaha kwa kazi aliyopewa na serikali, na yuko mfugaji mwenye leseni alindaye zizi lake usiku. Lakini bastola ya ukumbusho hainunuliwi kwa kazi hizo. Yanunuliwa iwekwe, itazamwe, na kusifiwa. Kwa hiyo yatupasa kuipima kwa kipimo cha ukumbusho.

Kwanza, tutazame bei, maana uwakili wa mali ni jambo la imani pia. Vitu hivi si vipya. Mwaka 1966 kampuni ya Winchester ya Marekani ilitoa bunduki ya kukumbuka miaka 100 yake yenyewe, nazo zilizotengenezwa zilizidi laki moja. Tangu 1967 hata 1969 kampuni ya Colt ilitoa bastola za kukumbuka mapigano manne ya Ufaransa katika ile vita ya 1914–1918, na za kila pigano zilikuwa maelfu. Walionunua wengi waliziweka katika makasha yake bila kupiga hata risasi moja, wakitumaini faida. Lakini kitu ambacho kila mtu hukihifadhi, chawezaje kuwa adimu? Tena, silaha ya namna hii ikipigwa risasi mara moja tu, au kasha lake likipotea, thamani yake hushuka mbele ya wanunuzi. Hivyo mwenye nayo hawezi kuitumia asiiharibu bei, wala hawezi kuiacha asiilinde. Ameinunua, naye amekuwa mlinzi wake.

Linganisheni na jambo la nchi yetu wenyewe. Mwaka 1916, katika vita ile ile, Wajerumani waliotawala hapa walipungukiwa na fedha, kwa kuwa manowari za Waingereza zilikuwa zimeifunga bahari. Wakaitwaa dhahabu ya Sekenke, hapa hapa Iramba, wakapiga sarafu huko Tabora, kila moja rupia 15, zenye sura ya tembo. Hesabu yake ilikuwa kama 16,000. Hakuna aliyezipiga ziwe ukumbusho. Zilipigwa kwa kulipia. Lakini leo wakusanyao sarafu huzinunua kwa bei kubwa, kwa sababu ni chache kweli, na habari zake ni za kweli. Kiwanda chaweza kuchora historia juu ya chuma, lakini hakiwezi kuitengeneza. Basi kwa swali la kwanza jibu letu ni hili: anayenunua bastola ile kwa kutumaini faida ananunua neno la muuzaji. Kisha Bwana wetu ametuonya tusiweke hazina mahali ambapo nondo na kutu huharibu, na wevi huvunja (Mathayo 6:19). Na mwivi akiiba bastola, haibi mali tu. Amepata na chombo cha kumtisha jirani.

Pili, tusikilize Maandiko. Twasoma habari za silaha moja iliyowekwa iwe ukumbusho, tena katika nyumba ya Mungu. Ni upanga wa Goliathi. Daudi alipomwangusha yule Mfilisti katika bonde la Ela, alitumia kombeo na jiwe la mtoni. Alikuwa amekataa upanga wa mfalme Sauli, akauvua kwa kuwa hakuuzoea, akamwendea adui kwa jina la Bwana wa majeshi. Upanga wa Goliathi aliutumia baadaye, kumkata kichwa adui aliyekwisha kuanguka. Lakini angalieni kilichohifadhiwa. Lile jiwe hatusikii habari zake tena, wala lile kombeo. Kilichofungwa katika nguo, kikawekwa nyuma ya naivera huko Nobu, ni upanga. Watu walihifadhi chombo kilichong'aa, na kile alichokitumia Mungu wakakiacha bondeni.

Miaka ikapita. Siku moja Daudi akafika Nobu peke yake, akimkimbia Sauli. Akamdanganya kuhani Ahimeleki, akisema ametumwa na mfalme kwa shauri la haraka. Akaomba mikate, kisha akaomba mkuki au upanga. Kuhani akamjibu ya kuwa hapana ila ule wa Goliathi. Daudi akaupokea kwa furaha, akiusifu kwamba hakuna mfano wake. Ndugu, hapa tusimame kidogo. Yule kijana aliyeukataa upanga wa mfalme, sasa auomba upanga wa Mfilisti. Hofu imeingia moyoni mwake. Na siku ile hofu ilipoingia, ukumbusho haukuwa ukumbusho tena. Nguo ikafunguliwa, na upanga ukawa upanga.

Hilo ndilo neno tunalotaka mlishike. Silaha haiachi kuwa silaha kwa kufungwa katika nguo, wala kwa kulazwa juu ya mahameli. Hungoja tu. Hungoja ugomvi wa mipaka ya shamba, au siku ya ulevi, au usiku wa wivu kati ya mume na mke, au saa ya huzuni ambayo mtu ameichoka nafsi yake, au mtoto aliyebaki peke yake nyumbani. Mwenye nyumba asema, Hii ni ya ukumbusho tu. Lakini chuma hakijui neno hilo. Nayo sheria ya nchi yatukumbusha vivyo hivyo: bastola iwezayo kupiga risasi ni bastola, hata ikipambwa, na kuimiliki kwataka leseni.

Na upanga ule ulimfaa Daudi nini? Twasoma alikwenda nao Gathi, mji wa Goliathi mwenyewe! Huko akaogopa sana mbele ya mfalme Akishi, akajifanya mwenda wazimu, mate yakimtiririka ndevuni. Upanga usio na mfano haukumwondolea hofu hata siku moja. Kisha Doegi Mwedomi akamwambia Sauli yote aliyoyaona Nobu, na upanga ule ukatajwa katika mashtaka ya kuhani pamoja na mikate. Siku ile wakauawa makuhani 85, na watu wa mji wao, wanaume kwa wanawake, hata watoto wanyonyao. Habari zilipomfikia Daudi, hakutafuta udhuru. Alikiri mbele ya Abiathari ya kuwa yeye ndiye sababu ya mauti yao. Baada ya hayo Maandiko hayautaji upanga ule tena.

Tatu, tuulize: Ukumbusho mwema ni upi? Katika kitabu cha Yoshua, sura ya 4, Mungu hakukataza ukumbusho. Aliagiza mawe 12 yatolewe katikati ya Yordani, ili watoto wayaonapo wawaulize baba zao maana yake, nao baba wasimulie matendo ya Mungu. Hicho ndicho kipimo. Kitu cha ukumbusho hupimwa kwa swali linalotoka kinywani mwa mtoto. Akiyaona mawe yale, auliza, Mungu alifanya nini hapa? Akiiona bastola ya dhahabu, ataulizaje? Atasema, Baba, hii hupigwaje? Kila ndugu na ajijibu mwenyewe swali lipi alitaka katika nyumba yake.

Nasi katika nchi yetu tunao ukumbusho wa ile vita ya 1914–1918. Dar es Salaam iko sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927. Bunduki yake ni ya shaba, haimwui mtu. Tena liko soko la Kariakoo, ambalo jina lake latoka kwa kikosi cha wapagazi wa jeshi. Wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa njaa, kwa homa na kwa kuhara, wakiwa wamebeba mizigo ya wengine. Hakuna kiwanda kilichowatilia nakshi za dhahabu. Basi mtu wa Iramba akinunua kwa fedha nyingi bastola ya kuwasifu mashujaa wa Ulaya, naye hajui kama babu wa babu yake alibeba mzigo katika safari zile au hakubeba, je, amekumbuka au amesahau?

Huenda mtu akasema: Lakini ninyi Wakristo mwaweka msalaba kanisani, nao ulikuwa chombo cha kuulia. Ni kweli, nasi twashukuru kwa swali hilo. Msalaba ulikuwa silaha ya Warumi. Lakini tuutazamapo twamkumbuka yeye aliyeuawa juu yake. Hatuwasifu waliopigilia misumari. Silaha ya ukumbusho humsifu aliyeshika mpini. Msalaba watuhubiri Yeye aliyejitoa kwa ajili ya adui zake. Hiyo ndiyo tofauti, nayo ni kubwa kama tofauti ya giza na nuru.

Jirani zetu wa Msumbiji wametuonyesha njia. Vita vyao vya ndani vilipokwisha mwaka 1992, nchi ilibaki imejaa bunduki. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la nchi ile, likiongozwa katika kazi hiyo na askofu Dinis Sengulane, lilianza kuwaita watu walete silaha, nao wapewe majembe, cherehani na baiskeli. Bunduki zilikatwa vipande, na mafundi wa sanaa wakaviunga kuwa sanamu. Mwaka 2001 mmoja wao alitengeneza kiti kizima cha vipande vya bunduki, nacho sasa kimewekwa katika British Museum, London. Huo ndio ukumbusho wa silaha umpasao Mkristo: silaha isiyoweza tena kupiga. Isaya aliyaona hayo alipotabiri juu ya panga zifuliwazo kuwa majembe (Isaya 2:4).

Basi, ndugu uliyetuuliza, shauri letu ni hili: usiinunue. Haistahili bei yake sokoni, wala haistahili nafasi yake nyumbani mwako. Ukitaka ukumbusho, kaa na wazee wako wangali hai, uandike majina ya waliotangulia na habari za jinsi Injili ilivyofika kijijini kwenu. Jengea makaburi yao. Mlipie mtoto yatima karo ya shule, au mgonjwa maskini gharama ya dawa katika hospitali yetu ya Iambi. Watoto wako watauliza kwa nini wafanya hivyo, nawe utakuwa na la kuwasimulia. Martin Luther atufundisha katika maelezo ya amri ya tano ya kuwa haitoshi kutomdhuru jirani. Yatupasa kumsaidia katika mahitaji ya mwili wake. Fedha ile yaweza kuitimiza amri hii, au yaweza kulala katika mahameli.

Na wewe uliyerithi gobori la babu bila leseni, usilifiche darini kwa kuwa ni kumbukumbu ya ukoo. Nenda polisi kwa uwazi ukapate maagizo. Nanyi wainjilisti na walimu, wafundisheni vijana wa kipaimara habari hii ya Nobu, maana husomwa mara chache.

Bwana wetu, usiku ule alipotolewa, alituachia ukumbusho wake. Petro alikuwa na upanga kiunoni usiku ule ule, naye akaambiwa aurudishe mahali pake. Bwana alitupa mkate na kikombe. Hakuna afaidiye kwa kuviweka kabatini. Vyatolewa kwa wote, navyo vyatupa uzima.

Ee Bwana, utuondolee hofu itufanyayo kutafuta panga zilizofichwa. Utufundishe kukumbuka matendo yako, na kuwaachia watoto wetu amani yako. Amina.