Aliyepanda Amsalimu Aendaye kwa Miguu

Watoto wa madrasa za Biryogo hapa Kigali, kama wenzao wa Lamu na Unguja, hufundishwa mapema nani aanze salamu. Aliyepanda amsalimu aendaye kwa miguu, apitaye amsalimu aliyekaa, wachache wawasalimu wengi. Wao huichukua kama kanuni ya njiani. Mimi naiona ni kanuni ya siasa, na haihitajiki wakati wowote zaidi kuliko wiki zile baada ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa, nusu ya watu wakipiga honi na nusu wakifunga madirisha. Aliye juu hutisha hata asipokusudia, kwa hiyo yeye ndiye anayepaswa kuanza kuiondoa hofu. Ndugu yangu uliyeshinda, nasaha hizi zinaanza na wewe.

Utasema Kigali haina haja ya maneno haya. Uchaguzi wetu wa Julai 2024 haukuacha ubishi wa hesabu: Paul Kagame alitangazwa kwa asilimia 99.18, Frank Habineza akapata 0.50 na Philippe Mpayimana 0.32. Sawa. Lakini mji huu hauishi kwa chaguzi zake tu. Ukitoka Nyabugogo ukapanda hadi Nyamirambo utampita fundi magari wa Bukavu, mwalimu wa Kampala, karani wa benki wa Kisumu, muuza vitenge wa Kigoma, na kila mmoja amehamia na kura za kwao. Na kura za jirani hutufikia hata tusipozialika. Januari 2008, Kenya ilipowaka kwa matokeo ya urais, malori ya mafuta yalikwama kwenye barabara ya kutoka Mombasa, na petroli ikaanza kuuzwa Kigali kwa mgawo. Dereva ambaye hajawahi kulisikia jina la Samuel Kivuitu, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi ya Kenya, alisimama foleni kwa sababu ya matokeo aliyoyatangaza.

Basi mshindi afanyeje? Kwanza aziache methali mbili. Asiyekubali kushindwa si mshindani, hiyo moja; yaliyopita si ndwele, hiyo ya pili. Zote mbili ni nzuri, na zote mbili ni za aliyeshindwa kuzisema mwenyewe, siku atakayotaka. Zikitoka kinywani mwa mshindi ni kufuli. Mwaka 2013, Mahakama ya Juu ya Kenya ilipoidhinisha ushindi wa Uhuru Kenyatta, upande wa pili uliambiwa kila kona ukubali na usonge mbele, mpaka maneno yale yakageuka kejeli ambayo watu waliibeba hadi uchaguzi uliofuata. Septemba 2017 mahakama hiyohiyo ikafuta matokeo ya urais, jambo ambalo Afrika haikuwa imeliona. Waliokuwa wakiwaita walalamikaji watu wa fujo sikuwasikia wakirudi kuomba radhi.

Aliyeshindwa ana haki ya kutoamini. Ana haki ya kwenda mahakamani na ya kutoka mahakamani akiwa bado haamini. Septemba 2022 marehemu Raila Odinga alisema anaiheshimu hukumu ingawa hakubaliani nayo hata kidogo, na sioni raia anadaiwa nini zaidi ya hapo. Anayemtaka mwenzake aheshimu sheria na tena afurahi anadai mambo mawili, na la pili si lake. Wala usimhubirie amani. Aliyeshiba akimweleza mwenye njaa utamu wa kutulia, hata akisema kweli, anatukana. Mwulize habari za watoto, habari za kazi, mguu wake uliokuwa ukimsumbua. Siasa ataileta yeye, akitaka.

Mfano ninaoupenda zaidi unatoka Zanzibar, na sitauficha upande wake wa pili. Baada ya uchaguzi wa 1995 visiwa vile, hasa Pemba, viliingia katika kususiana: wa CCM, chama tawala, hanunui kwa wa CUF, chama cha upinzani, huyu hamziki yule, ndoa zikavunjika, na wengine wakahama hata msikiti. Mwafaka ulitiwa saini 1999. Ukatiwa saini mwingine 2001, baada ya watu kupigwa risasi mwezi Januari. Haukutuliza nyoyo. Kilichofanya kazi ni mazungumzo ya tarehe 5 Novemba 2009, Rais Amani Karume alipompokea Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF Ikulu, wakazungumza wenyewe bila msuluhishi wa kutoka nje. Tazama nani alifungua mlango: mwenye nyumba. Julai 2010 wananchi walipiga kura ya maoni na theluthi mbili hivi wakaikubali serikali ya umoja wa kitaifa. Oktoba mwaka huohuo Ali Mohamed Shein alimshinda Seif kwa asilimia 50.1 dhidi ya 49.1. Miaka kumi kabla yake tofauti nyembamba kiasi hicho ingeligharimu kila kijiji. Safari hii Seif aliyapokea matokeo, akawa Makamu wa Kwanza wa Rais, na watu waliokuwa hawaamkiani wakarudi kuzikana.

Upande wa pili ni kwamba jengo lote lilisimama juu ya hiari ya wakubwa. Oktoba 2015 mwenyekiti wa tume, Jecha Salim Jecha, alifuta matokeo. CUF wakasusia marudio ya Machi 2016, na kususiana kukarudi. Maalim alikubali tena kiti kilekile Desemba 2020, baada ya uchaguzi ambao chama chake cha wakati huo kiliukataa, akafariki Februari 2021. Wapo wanaomlaumu kwa kukubali. Mimi simlaumu, maana aliwahi kuona nini kinatokea mlango ukifungwa.

Kwa hiyo, wewe unayeishi hapa na majirani wa kila nchi, kasirika unavyotaka lakini usisuse maziko. Duka ukilisusa, hasira itapoa na utarudi kununua. Maziko hayarudiwi. Hata kama marehemu alikuwa ajenti wa chama usichokipenda, nenda, shika jeneza, tia udongo, kisha rudi nyumbani na msimamo wako.

Nakuonya pia usivunje undugu kwa ajili ya mtu atakayemkumbatia hasimu wake kabla yako. Wakenya wameliona hili mara tatu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zaidi ya watu 1,100 waliuawa na laki kadhaa wakafukuzwa makwao. Tarehe 28 Februari 2008 Mwai Kibaki na Raila Odinga walitia saini mapatano mbele ya Kofi Annan na Jakaya Kikwete, wakagawana serikali. Machi 2018 Raila akapeana mkono na Uhuru Kenyatta. Machi 2025 akatia saini ushirikiano na William Ruto, yule aliyembishia ushindi hadi Mahakama ya Juu miaka mitatu tu nyuma. Sisemi wakubwa walikosea kupatana. Mkono wa 2008 uliokoa maisha ya watu. Ila jirani wa Eldoret au Naivasha aliyemchomea mwenzake nyumba hakualikwa kwenye hafla, na hakuna waziri aliyekuja kumwombea msamaha kwa mwenye nyumba. Kila unapotaka kuandika neno la kukata undugu, jiulize kama huyo unayempigania hatakuwa meza moja na mpinzani wake mwakani, wakicheka.

Sasa neno kwa wanaoishi na wenye msiba. Uchaguzi wa Tanzania wa tarehe 29 Oktoba 2025 uliishia kwenye maandamano, risasi, amri ya kutotoka nje usiku jijini Dar es Salaam, na intaneti kuzimwa kwa siku kadhaa. Rais Samia Suluhu Hassan alitangazwa mshindi kwa karibu asilimia 98, na idadi ya waliokufa inabishaniwa. Watanzania wa Kigali siku zile walipiga simu bila majibu. Ukikutana na mmoja wao aliyepoteza mtu, usimwombe takwimu. Usimuulize marehemu alikuwa anafanya nini barabarani. Usimtake athibitishe. Ubishi wa idadi una mahali pake, mbele ya tume na mahakama na waandishi, na ni ubishi wa lazima; kwenye mkeka wa tanzia hauna nafasi. Na wewe mfiwa, ukiona jirani aliyeshangilia ushindi ule amekuja na sukari na maji ya kunywa, mpokee. Huenda amekuja kwa aibu, na aibu ni mwanzo mzuri.

Nimezungumza ya watu. Ya kwetu je? Vyama vingi viliporuhusiwa Rwanda mwaka 1991, ulizuka mchezo ulioitwa kubohoza. Vijana wa chama kimoja walimvamia mtu wa chama kingine, wakamvua kofia, wakampokonya kadi, wakamlazimisha ahamie kwao. Wengi walicheka, maana kofia ni kofia tu. Julai 1993 redio ya RTLM ilianza kurusha matangazo, ikavuta watu kwa muziki mtamu na mizaha ya kijiweni. Tarehe 4 Agosti mwaka huohuo ukasainiwa Mkataba wa Arusha kati ya serikali na waasi wa RPF, na kwenye karatasi ulikuwa wa haki kuliko mikataba mingi: nafasi 21 za baraza la mawaziri, MRND tano, RPF tano, MDR nne, PSD tatu, PL tatu, PDC moja. Juu kulikuwa na mgawanyo wa viti uliopimwa kwa makini. Chini kulikuwa na watu waliokwisha kuzoea kumvua mwenzao kofia na kucheka jirani akitajwa kwa jina la mdudu. Lililofuata Aprili 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, halihitaji nilieleze hapa. Ninalotaka ulishike ni mpangilio wake: mzaha ulitangulia panga. Ndiyo maana katika mji huu mzee akisikia kijana analifanyia kabila utani wa siasa, hata kabila la nchi nyingine, humkata kauli palepale. Kijana akinuna, anune.

Katiba ya 2003 ilijaribu kuigeuza adabu ya mshindi kuwa sheria. Chama chenye wingi katika Baraza la Wabunge hakiruhusiwi kuchukua zaidi ya nusu ya mawaziri, na Rais hatoki chama kimoja na Spika wa baraza hilo. Nazipenda kanuni hizi, na ningefurahi kuziona Nairobi na Dodoma. Nikiwa mkweli, kwetu hazijapimwa bado. Vyama vingi vilivyomo kwenye jukwaa la mashauriano la vyama vya siasa vilimuunga mkono mgombea yuleyule, Kagame, na wapo waliotaka kugombea ambao majina yao hayakufika kwenye karatasi ya kura. Sheria ya kumkirimu mshindani itajulikana ubora wake siku mshindani atakapokuwa na asilimia 49.

Mgeni akifika Kigali hushangaa jinsi siasa isivyozungumzwa vijiweni, akadhani kila ukimya ni adabu. Mwingine hudhani kila ukimya ni woga. Vyote viwili vipo, mara nyingine ndani ya mtu mmoja, na kuvitenganisha hakuhitaji ujuzi mwingi: mwenye adabu hunyamaza mbele yako ili asikuumize, na mkikaa wawili atakuambia analofikiri. Usimlazimishe aliyenyamaza aseme. Lakini usimsifu kwa kunyamaza pia, utamfundisha kwamba hilo ndilo unalompendea.

Kazi ya pamoja husaidia kuliko mdahalo. Jumamosi ya mwisho ya mwezi tunatoka kwenye umuganda asubuhi, majembe mkononi, kuzibua mitaro na kuzuia udongo usiporomoke. Wengine huja kwa kuogopa faini, nisikudanganye. Hata hivyo mtaro hauulizi ulimpigia nani, na mkishamaliza kuuzibua mna jambo moja la kuzungumza lisilo na chama: maji yatapita wapi mvua za masika zikianza. Mwenye mgeni wa nje nyumbani amwalike. Mganda na Mkongo waliobishana usiku kuhusu marais wao wakibebeshwa jiwe moja asubuhi watalazimika kukubaliana angalau pa kuliweka.

Limebaki la simu. Mwenye kundi la WhatsApp la mtaa, la familia au la msikiti ana amana kubwa kuliko anavyodhani. Habari isiyo na chanzo aiondoe, hasa ikitoka upande wake. Picha ya maiti aifute bila mjadala. Na matokeo yakikaribia apange mapema, asingoje moto. Wakenya wanapiga kura tena Agosti 2027, na wale wa Nyamirambo watayasubiri matokeo kwa siku kadhaa kama kawaida, macho kwenye televisheni ya mkahawani. Wakubaliane sasa, wakiwa bado wanacheka: watakaa mkahawa mmoja, si miwili, hakuna atakayetoka kabla ya mwenzake kumaliza kusema, na wale ambao mtu wao atatangazwa ndio watakaolipia chai na sambusa za meza nzima, siku ile na kila siku hadi mahakama itoe hukumu.