Mwendo na Haki

Yuko mtu asemaye, "Gari ni langu na roho ni yangu, mwendo wanihusu mimi tu." Msomaji, lipime neno hili kabla ya kulikubali.

Chukua kilomita 5 za barabara ya Waiyaki, kutoka Westlands kuelekea Kangemi. Aendaye kilomita 50 kwa saa huzimaliza kwa dakika 6; aendaye 100 huzimaliza kwa dakika 3. Faida yake ni dakika 3. Lakini mwendo ukiwa mara mbili, gari huhitaji nafasi mara nne ili lisimame baada ya breki kukanyagwa. Dereva amezungukwa na chuma, tena amefunga mkanda. Apitaye kwa miguu hana ngao ila ngozi yake. Faida ni ya mmoja, hatari ni ya mwingine ambaye hakuulizwa. Hiyo ni dhuluma.

Mwaka 2004 Waziri John Michuki alizilazimisha matatu kufungwa vidhibiti mwendo, zisipite kilomita 80 kwa saa. Kanuni ile ilikuwa njema. Hata hivyo, kidhibiti cha 80 hakimzuii dereva kwenda 80 mjini, ambapo sheria yataka 50. Wala askari hawezi kusimama kila kona ya Nairobi. Sehemu iliyobaki ni ya dhamiri.

Kesho huenda nawe ukashika usukani. Haraka ikikuhimiza, jiulize kwanza: dakika hizi ninazozitaka, nani atazilipia?