Kumtazama Rafiki Mgonjwa



Wapenzi wakatekumeni, mmekwisha kujifunza matendo ya huruma ya kimwili. Mwayajua yote saba, na mwalimu akiuliza mwajibu upesi bila kukosa. Lakini kujibu swali darasani ni jambo moja, na kuvuka kizingiti cha nyumba ya mgonjwa ni jambo jingine. Leo tuliangalie tendo moja tu katika hayo: kumtazama mgonjwa, hasa aliye rafiki yetu tangu utoto.

Tufanye mfano. Hapa Katogota, katika uwanda wa Ruzizi, walikuwako wanaume wawili waliozaliwa mwaka mmoja. Walichunga mbuzi pamoja, wakajifunza kuogelea pamoja, wakalima mihogo bega kwa bega. Mmoja alipotaka kuoa, mwenziwe alitoa mbuzi wake wawili ili kuongeza mahari. Wakazeeka hivyo, wala haikupita siku wasisalimiane. Kisha mmoja wao akashikwa na ugonjwa mkubwa. Tumbo lilivimba, miguu ikakosa nguvu, na waganga wa hospitali wakasema kwamba hawana tena dawa ya kumponya. Mwenziwe, aliyekuwa mkatekumeni, alikwenda kumwona mara moja. Aliona jinsi alivyokonda, akarudi kwake kimya. Tangu siku ile, alipokwenda shambani na jembe lake, aliiacha njia ya zamani, akashika kijia kipitacho nyuma ya migomba.

Je, alimchukia? Hata kidogo. Alimpenda sana. Basi kwa nini alimkimbia? Kwa sababu ya hofu tatu, nasi twazijua zote.

Hofu ya kwanza ni haya. Alijisemea moyoni: “Sina sukari wala samaki wala fedha, nitaingiaje mikono mitupu?” Tena hakujua aseme neno gani. Sikilizeni habari za Ayubu. Mtu huyu mwenye haki alipopatwa na madonda mwili mzima, rafiki zake watatu walitoka mbali, wakaketi naye chini siku saba, mchana na usiku, pasipo kusema neno. Hapo walitenda vema. Walianza kukosa walipofungua vinywa, wakamwambia kwamba pengine ameteswa kwa sababu ya dhambi zake. Nasi tushike fundisho hilo. Usimwulize mgonjwa, “Umefanya nini?” Wala usimnong’oneze, “Nani amekuroga?” Maneno ya namna hiyo ni mzigo wa pili juu ya mzigo wa kwanza. Keti karibu naye. Teka maji, pasua kuni, palilia shamba lake lisije likamezwa na majani. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na kufaa si lazima kuwe kwa mali.

Hofu ya pili ni ndimi za watu. Katika nchi yetu, mtu akifa, wengi hutafuta aliyemwua kabla ya kuuliza alikuwa na ugonjwa gani. Ndiyo maana yule mkatekumeni aliwaza: “Nikimpelekea chakula, naye akafa usiku ule, watasema nilimtilia sumu.” Hofu hiyo si ndogo, watu wamefukuzwa vijijini kwa neno moja tu. Lakini mtazameni Bwana Yesu. Lazaro wa Betania alikuwa rafiki yake. Alipougua, dada zake walituma habari. Mitume walimkumbusha Bwana kwamba huko Uyahudi watu walikuwa wametaka kumpiga mawe siku si nyingi zilizopita. Hata hivyo alikwenda. Naye alilia machozi mbele ya watu wote. Mwana wa Mungu hakuona haya kumlilia rafiki, wala hakuuacha urafiki kwa kuogopa wenye mawe. Nawe ukiogopa maneno, nenda mchana, mbele ya watu, pamoja na jirani au mwalimu, na chakula kipikwe nyumbani mwa mgonjwa mwenyewe. Busara haikatazwi, kinachokatazwa ni kumwacha mwenzako peke yake.

Hofu ya tatu ni mauti yenyewe. Yule mzee alipouona uso wa mwenziwe, aliona uso wake mwenyewe utakavyokuwa. Kwa hofu hii tunao walimu wa karibu, katika jimbo letu la Uvira. Tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa maasi, watu wenye silaha walifika misioni ya Baraka, wakampiga risasi Bruda Vittorio Faccin. Padri Luigi Carrara alitoka kanisani, naye akaamriwa kupanda gari lao. Alikataa. Alipiga magoti karibu na maiti ya mwenziwe, akataka kufa pamoja naye, akauawa papo hapo. Siku ile ile, huko Fizi, waliuawa Padri Giovanni Didonè na Abbé Albert Joubert. Wote wanne walitangazwa Wenyeheri mjini Uvira, tarehe 18 Agosti 2024. Padri Carrara hakuwa na uwezo wa kumfufua ndugu yake. Alikuwa na uwezo wa kutomwacha, nao akautumia. Sisi hatudaiwi damu. Twadaiwa kigoda kimoja karibu na mkeka wa mgonjwa.

Lakini yafaa mjue pia: upendo una utii. Ikiwa ugonjwa ni wa kuambukiza, kama kipindupindu kinachoirudia mara kwa mara nchi yetu ya Uvira, shikeni amri za wauguzi. Nawa mikono kwa sabuni. Wakikuambia usiingie, simama mlangoni, sema naye kwa sauti, leta maji safi. Na ikiwa hospitali ingali na dawa, mchukue upesi. Wale watu wanne wa Injili walimbeba mwenye kupooza juu ya kitanda chake, wakatoboa dari, wakamshusha mbele ya Yesu. Hawakumpeleka kwa mpiga ramli.

Tena rafiki wa kweli aijali roho. Mgonjwa akiwa Mkristu, mwite padri mapema, ampe Kitubio, Mpako Mtakatifu na Ekaristi. Wazee wetu waliuita Mpako wa Mwisho, hata wengine wakaogopa kumwita padri, kana kwamba analeta kifo. Sivyo: ni Sakramenti ya kumtia mgonjwa nguvu. Akiwa hajabatizwa, naye anaamini na kutamani Ubatizo, mpashe mwalimu habari. Kifo kikiwa karibu na padri yuko mbali, mtu yeyote, hata wewe mkatekumeni, aweza kumbatiza, akitaka kutenda litendalo Kanisa: ammwagie maji kichwani, huku akisema kwamba anambatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Lakini asilazimishwe kamwe.

Turudi kwa wale wazee wawili. Jioni moja, baada ya mafundisho, mkatekumeni yule hakupita nyuma ya migomba. Alipiga hodi, akaingia mikono mitupu. Mgonjwa alimtambua, akasema polepole: “Karibu, ndugu yangu. Kila asubuhi nilisikia kikohozi chako nyuma ya nyumba. Nilikuwa nikisema: leo atakuja.”

Yule mzee hakupata jibu. Alipiga magoti, akaomba radhi. Mwenziwe akamshika mkono, akasema: “Keti. Niambie kama mvua imefika shambani.” Wakazungumza habari za mvua na mihogo hata usiku ukaingia. Tangu siku ile alikuja kila jioni, mpaka siku ya mwisho. Naye alipokuwa akimzika rafiki yake, alilia sana, lakini moyo wake haukumhukumu.

Angalieni, wapenzi wangu: mgonjwa alikisikia kikohozi. Twadhani tukipita mbali hawajui. Wanajua. Na Bwana Yesu naye anajua, kwa maana amesema kwamba lile tulilowatendea wadogo hawa, tumemtendea yeye. Anayelala nyuma ya migomba yako ni yeye.

Azimio la juma hili: kila mmoja amkumbuke mgonjwa mmoja ambaye amemkwepa, akamtazame kabla ya Dominika. Kisha aombe hivi: Ee Yesu, rafiki wa Lazaro, ondoa hofu moyoni mwangu, uniongoze mpaka mlangoni pa mwenzangu, na siku yangu itakapofika, usiniache peke yangu. Amina.