Wajukuu Zangu, Msiviachie Vyama Watu Wachache

Wajukuu zangu wa Katonga, hapa Kigoma, sogeeni. Jioni pale mwaloni, mkingoja giza mwende dagaa, nawasikia: "Siasa ina wenyewe, babu. Sisi tunatafuta hela." Kadi ya chama hamna, na kutokuwa nayo mnakuona ujanja. Mimi naogopa.

Chama gani, chagueni wenyewe. Babu yenu ana chake na leo hakitaji.

Nchi hii haina mgombea binafsi. Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania jambo hilo mahakamani tangu miaka ya 1990. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikamkatalia. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika, pale Arusha, ikampa haki. Sheria haijabadilika. Mwenyekiti wa mtaa, diwani, mbunge, rais, kila jina hupitia kwanza kikao cha chama. Nyie msiohudhuria mnafika kituoni siku ya kura mmeshachaguliwa wa kuwachagua.

Kiti ulichokiacha hakilali kitupu, mwanangu.

Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa, Mei 15 hadi Agosti 15, mwalo mzima ulinung'unika kwamba hatukuulizwa. Samaki wanahitaji kupumzika, hilo silipingi. Lakini semeni kweli: nani kati yenu alisimama kwenye mkutano wa tawi, lolote lile, akataka neno la wavuvi liandikwe kwenye muhtasari na lipelekwe kata? Manung'uniko ya mwaloni hayana katibu.

Najua mnachoogopa. Mikutano ya hadhara ya vyama ilipigwa marufuku mwaka 2016, ikaruhusiwa tena Januari 2023. Wengi wenu mmekua bila kuizoea. Na uchaguzi wa Oktoba 2025 haukuwapunguzia hofu, wala mimi haukunipunguzia. Siwezi kumlaumu mtoto kwa kuogopa. Ninachowaomba ni kwamba hofu isigeuke mazoea.

Tena msidhani Kigoma, kwa kuwa ni mwisho wa reli, haina uzito. Mwaka 1995, uchaguzi mkuu wa kwanza tangu vyama vingi kurudishwa, Kigoma Mjini ilimpeleka bungeni Dk. Aman Kabourou wa CHADEMA. Mwaka 2015 ikampeleka Zitto Kabwe wa ACT-Wazalendo. Kazi ile ilifanywa na watu wa matawi, waliopita mlango kwa mlango, Ujiji mpaka Bangwe.

Chama kikikosa wanachama hakifi, na hapo ndipo pana hatari. Kinaishi kwa ruzuku ya serikali na kwa mifuko ya matajiri wawili watatu. TANU ilipoanza mwaka 1954 haikuwa na ruzuku. Ilikula ada na michango ya watu wake, kwa hiyo iliwasikiliza. Anayekula kwa jirani hamwogopi mama yake.

Hata Ulaya wamelionja. Wahafidhina wa Uingereza walihesabu wanachama karibu milioni 2.8 mwaka 1953. Septemba 2022 walitafuta kiongozi, ambaye papo hapo angekuwa waziri mkuu, na Liz Truss akashinda kwa kura 81,326 za wanachama, katika nchi ya watu milioni 67. Hakumaliza siku 50 ofisini, na waliolipa gharama ya mikopo ya nyumba iliyopanda ni wale ambao hawakuulizwa. Mwaka 2024 wanachama wenye haki ya kuchagua kiongozi mpya walikuwa 131,680 tu. Wachache namna hiyo, wajukuu zangu, ni rahisi kuwateka.

Kwetu itakuwa rahisi zaidi. Msimu wa kura za maoni, kadi hununuliwa kwa mkupuo na ada zikalipwa na mtu mmoja. Mkiwa kumi kwenye tawi, elfu kumi kwa kila kichwa inatosha. Mkiwa mia tano, itabidi aje aongee nanyi.

Nendeni, nawasihi. Ulizeni tawi linakutana lini. Ombeni kuonyeshwa daftari la wanachama na la mapato. Mkizungushwa, rudini mwezi ujao, mkiwa wengi. Ada lipeni kwa hela yenu ya dagaa, na mtu akitaka kuwalipia, mwambieni asante, tumeshalipa.