Ruhusa ya Kutandika Kitanda

Mdogo wangu ameolewa Marseille, na Mngazija. Mimi nipo London. Katikati yetu pana mlangobahari ambao treni huupita chini kwa chini, katika njia ya kilomita 50 iliyofunguliwa mwaka 1994. Lakini pasipoti yangu ni ya Tanzania, na kibali cha kukaa Uingereza hakinifikishi Ufaransa. Sharti niombe viza ya Schengen.

Nilipoanza kukusanya karatasi sikuwa na kinyongo. Ada ni yuro 90. Pasipoti isiwe imetolewa zaidi ya miaka kumi iliyopita, iwe hai miezi mitatu baada ya kuondoka, na iwe na kurasa mbili tupu. Kuna alama za vidole, na bima isiyopungua yuro 30,000. Hiyo bima ndiyo iliyonikalisha kitako, maana ndani yake imo hata gharama ya kurudisha maiti. Usiku ule nilimkumbuka babu yetu wa Tanga. Hakupanda jahazi kwenda Pemba kabla hajalipa madeni yake, akaacha wasia na kuwaomba majirani radhi. Dini yetu haikumfundisha msafiri kuondoka hivi hivi. Ngamia hufungwa kwanza, ndipo mtu akamtegemea Mungu. Kwa hiyo wanaosema kwamba kuulizwa maswali peke yake ni dhuluma, siko pamoja nao.

Kilichonichoma ni karatasi ya mdogo wangu.

Anayekwenda Ufaransa kumtembelea ndugu na kulala kwake hutakiwa hati ambayo mwenyeji ndiye anayeiomba manispaa. Mdogo wangu akapeleka mkataba wa pango na hati za mshahara, akaeleza nitalala wapi, akaahidi kwa maandishi kunibeba nikiishiwa. Akalipa stempu ya yuro 30, fedha ambayo hairudi hata ombi likikataliwa. Karani alimpokea kwa adabu, hilo lazima niliseme. Jioni akanipigia simu: “Dada, leo nimeomba ruhusa ya kukutandikia kitanda.”

Neno hilo sijalitua mpaka leo. Nabii Ibrahim alipojiwa na watu asiowajua, aliwaletea ndama aliyenona kwanza. Habari za safari yao zikafuata baadaye. Kwetu sisi maswali yametangulia, tena kaulizwa mwenye ndama. Mwaka 1795 Immanuel Kant, katika kitabu chake juu ya amani ya kudumu, aliandika kwamba kila mtu ana haki ya kufika kwenye ardhi ya wengine asitendewe kama adui, ila kukaribishwa nyumbani kunahitaji mapatano ya pekee. Sawa. Lakini mapatano hayo ni ya nani na nani? Mimi naona ni yangu na mdogo wangu.

Najua nitajibiwa kwamba nyumba yake imo ndani ya nchi, na nchi ina wenyewe. Jibu hilo ni zito. Wahenga wetu nao walimpa mgeni jembe siku ya tatu, kwa hiyo sioni vibaya Schengen kunihesabia siku 90 katika kila siku 180. Ila jembe lile lilitoka mkononi mwa mwenye nyumba. Wafaransa wenyewe waliwahi kuugusa mpaka huu kati ya mwenye nyumba na dola. Mwaka 1997 mswada wa sheria ulitaka mwenyeji atoe taarifa mgeni wake anapoondoka. Watu waliandamana Paris, na sharti hilo likaondolewa. Walikataa mwenye kukirimu afanywe mlinzi wa aliyemkirimu. Hoja yao naiona inafika mpaka kwenye hiyo stempu: anayemdhamini mgeni wake mbele ya dola kabla hajamfungulia mlango amekwisha kupewa zamu ya ulinzi, hata kama kwa upole.

Basi nawaomba wanaoandika sheria hizi waniulize mimi. Waniulize kwenye fomu, na waniulize tena pale St Pancras, ambako askari wa Ufaransa hukagua pasipoti ukiwa bado London. Nitajibu yote. Mdogo wangu wamwache atandike kitanda.